Saa Kumi na Moja kutoka Istanbul

"Korongo ameruka kutoka Istanbul saa nane usiku, saa za kwetu," Maeng alinong'ona. "Ndege ya kukodi, Gulfstream. Haionyeshwi kwenye ratiba yoyote ya uwanjani. Kula, mdogo wangu."

Pale mezani mgahawani, Pyo Gyu-ri akammiminia pombe ya mchele kwa mikono miwili, kama mdogo anavyommiminia mkubwa wake. Maeng ndiye aliyemfundisha ujasusi, kuanzia kushika bastola hadi kupiga hesabu za anga.

Korongo alikuwa muuaji wa kukodiwa. Ng'ambo ya barabara, katika hoteli ya jirani na uwanja wa ndege wa Incheon, alijificha Profesa Tak, shahidi pekee dhidi ya walanguzi wa silaha. Korongo akimfikia, kesi imekwisha, na Tak naye.

"Anatua saa ngapi, kaka?"

"Saa saba mchana. Kilomita elfu nane, mwendo mia saba na thelathini kwa saa. Saa kumi na moja hewani. Tuna saa nzima, bwana! Tambi zinapoa."

Gyu-ri akatazama Casio yake. Saa sita kamili.

"Mbona mwendo mdogo hivyo?"

"Upepo wa juu unaipiga usoni."

Gyu-ri akaweka kijiko chini.

Upepo gani? Huko juu upepo hutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Istanbul unakupiga usoni. Ukitoka Istanbul unakusukuma mgongoni! Maeng mwenyewe alimfundisha hayo. Gyu-ri akarudia hesabu kimoyomoyo: mia nane na hamsini kwa saa. Saa tisa na nusu hivi.

Korongo alishatua nusu saa iliyopita.

Na Maeng hakosei hesabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kinauma kiasi hiki.

Gyu-ri akasimama.

"We binti!" mama mwenye mgahawa akafoka. "Mkubwa hajaweka kijiko chini, wewe unainuka? Adabu gani hiyo?"

"Nisamehe, mama."

Kach! Pingu ikaufunga mkono wa Maeng kwenye mguu wa meza. Gyu-ri akampokonya bastola, akatoka mbio.

"Seok!" akamwita redioni mmoja wa walinzi wa hotelini. "Nani yuko mlangoni kwa Profesa?"

Redio ikakoroma. "Hakuna mtu, dada. Kaka Maeng katuambia tushuke tukale."

"Pandeni! Sasa hivi!"

Ghorofa ya tisa ya hoteli. Mtu wa koti la kijivu, bastola ya Glock yenye kiwambo cha sauti mkononi, alishaingiza kadi mlangoni.

"Korongo!"

Akageuka. Gyu-ri akafyatua.

Bega.

Glock ikaanguka zuliani. Seok akatokea ngazini akihema, akamfunga. Kutoka ndani Profesa akauliza, sauti ikitetemeka, kama chakula kimeletwa.

Gyu-ri akawaachia walinzi wengine Korongo, akarudi mgahawani na Seok. Maeng alikuwa palepale mezani.

"Nilikuita ule ili usiwe pale mlangoni," alisema. "Ungekufa, mdogo wangu."

"Na Tak je?"

Maeng akasogeza kikombe kwa mkono uliobaki huru.

"Nimiminie cha mwisho."

Gyu-ri alitaka kulia. Alimpenda mtu huyu kama baba. Akanyanyua birika, akammiminia.

Maeng akakodolea macho mkono ule, uso ukimshuka. Afadhali angepigwa kofi.

"Mkono mmoja, Gyu-ri?"

"Wa pili una bastola, kaka."

Akamwacha Maeng kwa Seok, akatoka bila kumwinamia.