Jicho la Fundi Saa

Ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika siku mpimaji wa ultrasaundi alipomkuta fundi saa juu ya ngazi, mikono ya shati la bluu imekunjwa, lenzi imebanwa kwenye jicho la kushoto, akiichokonoa saa ya ukutani.

"Fundi, ukianguka, hapa tunatibu macho tu. Viuno hatuna habari navyo."

"Basi nitaangukia macho, dada."

Mapenzi yakaanzia hapo. Miaka sita mwanamke huyu alikuwa akila peke yake, redio ikimsemesha. Sasa fundi akawa anampigia simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula na redio."

"Mwambie aanze kutafuta chumba kwingine."

Mwezi wa nne fundi akaona kivuli pembeni mwa jicho lile la lenzi, akaja kupimwa. Alilala, akafumba macho, akapakwa jeli baridi kwenye kope. Kwa kawaida mpimaji huongea mfululizo, mgonjwa asiogope. Safari hii kwenye skrini, nyuma kabisa ya jicho, kilitokea kilima kidogo. Milimita tatu. Akanyamaza. Majibu hutolewa na daktari.

Jioni simu iliita, ikaita, ikachoka. Sauti ya mpimaji haikujua kudanganya, kwa hiyo hakupokea. Siku ya tano haikuita tena.

Miezi mitatu alikula na redio. Kisha fundi akarudi kupimwa upya, amekonda, shati lile lile.

"Habari za kazi, dada mpimaji."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Daktari aliniambia nina uvimbe, wewe hata pole hukunipa. Nikajua humtaki mwanamume wa jicho moja."

"Niliogopa utasikia kwenye sauti yangu."

"Ulinyamaza, nikasikia."

Fundi akafumba macho. Kilima kikatokea. Mpimaji akapima mara mbili: milimita nne na nusu.

"Tazama juu, macho yabaki yamefumbwa," alisema. "Sasa chini. Ile saa ya ukumbini imechelewa tena dakika kumi, fundi gani wewe? Tazama kushoto. Jana niliona jina lako kwenye orodha, nikanunua sahani ya pili. Kulia kidogo."

Sauti ilitetemeka, lakini hakuiacha ikatike. Mkono wa fundi ukapapasa ukingo wa kitanda mpaka ukaupata wake.

"Uvimbe umekua, eti?"

"Daktari atakwambia. Nitakuwa nimekaa karibu nawe."

"Na jioni nipige?"

"Usipige. Njoo."

"Na redio?"

"Ameshahama."