Mstari Chini ya Boti

Alasiri ile haikuwa na kasoro yoyote. Jua la mtaa wa Muthangari lilikuwa limetulia juu ya ua wa Shiraz, nguo zimeanikwa, naye Mwongeli, aliyefanya kazi za nyumba hapo, akichambua mchele huku akiimba pambio. Jirani yetu Kaloki, fundi wa redio za magari kutoka mtaa wa Satellite, alikuwa amepiga magoti ndani ya boti ndogo ya kuvulia samaki, akifunga mashine ya kuonyesha samaki walipo majini. Boti ilikuwa juu ya trela. Maji ya karibu yalikuwa ya bomba.

Shiraz aliinunua kwa bwana mmoja wa Kisumu, ambaye alikataa hata kupanda ndani kumwonyesha injini inavyowaka. Alfajiri ya kesho angeipeleka ziwani Naivasha na bintiye mdogo, Nurjahan. Tayari mtoto alikuwa amevaa jaketi la kuelea na alikuwa akizunguka nalo jikoni.

"Fundi, hii mashine ya samaki ushawahi kufunga kweli?" Shiraz alimuuliza kabla ya kwenda dukani.

"Nyingi sana, bosi."

Ulikuwa uongo, na baadaye Kaloki aliukiri mbele ya kanisa. Alichojua alikitoa kwenye video za simu.

"Basi usitoboe boti yangu. Ikiingiza maji, wewe ndiyo utakuwa kizibo!"

Kwa hiyo Kaloki aliamua kugandisha sensa kwa ndani, sakafuni. Sensa ni kadude keusi, kama kipande cha sabuni. Hutuma mlio majini, kisha husikiliza unavyorudi na kuchora kwenye kioo cha mashine kitu ambacho mlio umekutana nacho. Samaki akipita, huchora upinde. Kitu kikitulia chini ya boti iliyotulia, huchora mstari mnyoofu. Kwenye hewa haisikii kitu.

Kabla ya kupaka gundi, alimimina maji kidogo sakafuni, akalaza sensa, akaunganisha betri. Alitaka tu kuona kama kioo kitawaka.

"Fundi," Mwongeli akamtania, "hapa utavua nini? Panya?"

Kaloki hakucheka. Kioo kilikuwa kimechora mstari. Mnene, mnyoofu, umeshikamana na tumbo la boti kwa nje.

Akazima. Akawasha. Mstari ukarudi.

"Dada, hebu nisaidie kusukuma."

Wakasogeza trela hadi karibu na lango. Kitu kilicholala kwenye saruji kingebaki nyuma. Mstari haukukatika hata kidogo.

Ndani ya nyumba Nurjahan alikuwa akiimba kwamba kesho atashika samaki mkubwa kuliko baba. Angemwambia Shiraz nini? Kwamba ameona mstari? Angefukuzwa, fundi mwingine angeitwa, na mtoto angepanda tu.

"Kaa hapa uangalie kioo," akamwambia Mwongeli. "Mimi naingia chini."

Akajivuta chini ya trela, akalala chali kwenye saruji. Juu yake kulikuwa na tumbo jeupe la boti. Safi. Kavu. Hapakuwa na kitu.

"Unaona nini?" akanong'ona.

"Mistari miwili sasa."

"Mmoja ni mimi," akasema, ingawa kwenye hewa sensa haikupaswa kumwona.

"Ndiyo. Wako uko chini." Mwongeli akasogeza uso karibu na kioo. "Ule mwingine uko juu yako."

Kaloki alitazama juu. Nafasi tupu. Lakini pumzi aliyoitoa ilimrudia usoni, baridi, ikinuka matope.

Alifungua kinywa kumwita Yesu. Angemwita tu, mambo yangeisha hapo. Lakini hofu ikamgeuza ulimi. Badala ya kusema na Mungu, akasema na kile kitu.

"Mwache mtoto. Kama ni mtu unataka, mimi niko hapa."

"Fundi," Mwongeli akaita. "Toka huko."

"Kuna nini?"

"Ule mstari wa juu unashuka."

Akajaribu kujivuta. Miguu ikagoma.

"Fundi, toka! Umekaribia. Umekaribia wako. Fundi..."

"Sema!"

"Imekuwa mmoja."

Alipotoka, shati lilikuwa limelowa kifuani. Mgongoni, alikolalia saruji, lilikuwa kavu. Alipanda, akatazama kioo. Kitupu. Wakasogeza trela tena, mbele na nyuma. Kitupu. Akagandisha sensa, akaenda zake.

Nurjahan alikwenda Naivasha, akarudi salama na samaki watatu. Shiraz anamsifu fundi wake hadi leo.

Kaloki yeye anaishi nyumba ya chini katika ploti yao Satellite, na mkewe Munyiva. Siku chache baadaye, doa la maji lilitokea kwenye dari, juu ya kitanda, upande anaolalia Kaloki. Lilikuwa na umbo la mtu aliyelala kifudifudi. Mpangaji wa juu, Mama Debra, akafungua mlango ili wote waone: sakafu kavu, hata bomba halipiti hapo. Wakahamisha kitanda hadi ukuta wa pili. Asubuhi doa lilikuwa limehama nalo. Mchungaji akaja na mafuta, tukaomba hadi sauti zikakauka.

Wiki hii dari imekauka kabisa, Munyiva akalia kwa furaha. Kisha akainua mkono kukunja neti ya mbu.

Neti ilikuwa imelowa. Upande wa Kaloki ilikuwa imebonyea kuelekea chini, kama iliyobeba uzito.