Kaa Chumbani mwa Mama

Kila asubuhi Kasuku aliamka, akakunja godoro, akamsaidia bibi kuwasha jiko la mkaa barazani, kisha akanywa chai huku akighani mashairi ya darasa la sita. Kasuku halikuwa jina lake. Wenzake walimpachika kwa sababu aliweza kukariri shairi refu kwa siku moja na kulitoa lote bila kumeza mate. Yeye alilionea fahari jina hilo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kasuku hajui anachosema.

Juma hilo mvua ilikuwa haikati. Baridi ilipenya mpaka mifupani, na mdogo wake, aliyekuwa bado anajifunza kukaa, alianza kukohoa. Mama, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Bibi akalitazama jiko pale barazani, makaa yameiva na kuwa mekundu, akalibeba kwa vitambaa viwili na kuliingiza chumbani.

"Mjukuu wangu, funga hilo dirisha," alisema. "Na ukitoka, lisokomeze lile tambara chini ya mlango. Baridi haina adabu, inaingia bila kubisha."

Kasuku akacheka, akafunga dirisha. Mara chumba kikapata joto zuri. Alipoinama kufunga viatu, alihisi kichwa kizito na kichefuchefu kidogo, akadhani ni uchovu wa kukariri. Mtoto alikuwa ameacha kukohoa, amemlalia bibi kifuani.

"Kwaheri, bibi."

"Nenda salama, mjukuu wangu. Ukirudi upige hodi taratibu, usije ukamshtua mtoto."

Kasuku alilisokomeza tambara vizuri, pasibaki hata upenyo. Mtoto mtiifu alikuwa yeye, na siku hiyo utiifu wake ulikuwa mbaya kuliko utundu wa mtaa mzima. Akakimbilia shuleni mvuani.

Mwalimu wao wa Kiswahili walimwita Mwalimu Pumua, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila msomaji lilikuwa hilo: "Pumua kwanza!" Hakupenda mashairi yasomwe tu. Alisogeza madawati ukutani, akawataka wanafunzi wayaigize, kwa madai kwamba shairi lina miguu na lazima litembezwe. Kasuku hakuipenda michezo hiyo. Kwake ilikuwa ni kupoteza muda: shairi si umeshalijua kichwani?

"Kasuku, tusomee," mwalimu alisema. Kasuku akasimama, akalitoa shairi kwa pumzi moja:

"Kaa chumbani mwa mama, mlango umefungika,
Joto latukumbatia, nje mvua yamwagika,
Wadogo wamelegea, usingizi wawateka,
Hodi hodi wabishapo, hapana wa kuitika."

Darasa likampigia makofi. Mwalimu hakupiga. "Umelielewa?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Neno 'kaa' hapo lina maana gani?"

Kabla hajajibu, mvulana mmoja waliyemwita Domo aliruka katikati ya darasa, akainama na kutembea upandeupande, vidole amevipanua kama koleo. "Mimi hapa, mwalimu! Kaa wa pwani!" Watu wakavunjika mbavu, na mwalimu naye akacheka.

"Wewe rudi majini," alimwambia. "Kasuku?"

"Ni kuketi, mwalimu. Mama anawaambia watoto wakae chumbani."

"Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu." Hakuwa na hakika hata chembe. Alisema ndiyo kwa sababu aliyezoea kupigiwa makofi huona haya kusema sijui.

"Haya," mwalimu alisema, "tuigize hivyohivyo, tuone tutafika wapi."

Wasichana wawili walilala juu ya mkeka wakawa ndio wadogo. Domo akatoka nje awe jirani. Kasuku akasoma kwa sauti laini, kama anayembembeleza mtoto, na wale wawili wakajikunyata huku wakitabasamu. Kisha Domo akagonga mlango.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu!" msichana mmoja akaitikia palepale. Darasa likaangua kicheko. Nani asiyeitikia hodi?

"Shairi linasemaje?" mwalimu aliuliza.

"Hapana wa kuitika," Kasuku akajibu.

"Basi msiitike. Rudieni. Kasuku, safari hii pumua kila mstari, na uwatazame hao waliolala."

Kasuku akasoma tena, polepole. Mlango umefungika. Akautazama mlango. Wadogo wamelegea. Mkono wa msichana mmoja ulikuwa umeanguka pembeni ya mkeka, kiganja wazi. Domo akagonga.

"Hodi!"

Kimya. Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Hodi jamani!"

Kimya. Domo akafungua mlango kidogo, akachungulia, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Jamani, mbona hawaitiki?" Maneno hayo hayakuwamo katika shairi, na wala hakuna aliyecheka.

"Ndiyo," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mbona hawaitiki? Nje ni baridi, ndani kuna joto. Joto hilo linatoka wapi? Kasuku, tazama hapo katikati yao. Pana nini?"

Kasuku akatazama. Palikuwa na sakafu tupu, lakini yeye aliona jiko. Akaona makaa mekundu, dirisha lililofungwa, na tambara.

"Kaa," alisema. "Kaa la moto."

"Barabara! Sasa umelisoma."

Lakini Kasuku alikuwa ameshaelekea mlangoni. "Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Kuna nini?"

"Bibi ameingiza jiko ndani. Yuko na mdogo wangu." Machozi yakamtoka. "Dirisha nimelifunga mimi. Na mlango nimeuziba mimi mwenyewe."

Mwalimu hakuuliza swali la pili. Alimwachia kiranja darasa, akamshika Kasuku mkono, wakatoka mbio. Njia ilikuwa matope matupu. Kasuku alianguka, akainuka, akaacha kiatu kimoja hukohuko. Njia nzima alikuwa anaomba kitu kimoja tu, kwamba bibi aitikie.

"Hodi!" alipiga kelele kabla hajaufikia mlango. "Bibi, hodi!"

Kimya. Tambara lilikuwa palepale alipolisokomeza.

"Bibi! Ni mimi! Hodi!"

Mwalimu akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala upande, na mtoto amelegea mapajani mwake. Jiko lilikuwa katikati, limepoa nusu, halitoi moshi hata kidogo. Ungeingia ungesema wamesinzia tu.

"Usiingie!" mwalimu alimwambia Kasuku. Akavuta pumzi, akaizuia, akaingia na kutoka na mtoto, akamkabidhi Kasuku. Fundi baiskeli wa jirani alisikia kelele akaja mbio, wakamtoa bibi pamoja. Mtoto hakulia. Kasuku alimsugua mgongo, akamwita, akampulizia uso, na mtoto bado hakulia. Mvua iliendelea kuwapiga. Hatimaye kile kifua kidogo kikashtuka, mtoto akakohoa, kisha akalia kilio chembamba. Kasuku hakuwa amewahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Bibi alitapika, akafumbua macho, akauliza kwa nini wamemtoa nje kwenye mvua.

Kwenye zahanati waliwekewa hewa safi ya mtungi usoni. Muuguzi alisikiliza habari yote akatikisa kichwa. "Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu," alieleza. "Haina rangi wala harufu. Moshi ungewachoma macho wakakimbia. Hii inaleta kichwa kizito, kichefuchefu, na usingizi. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama alifika akikimbia, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Kasuku alimwangukia miguuni. "Ni mimi niliyefunga, mama."

"Hukujua, mwanangu."

"Shairi lote nilikuwa nalijua!" Kasuku alilia. "Mwalimu aliniuliza nimelielewa, nikasema ndiyo. Nilidanganya."

Mama alimwinua, akamkumbatia.

Bibi na mtoto walipopona, muuguzi alimwomba mwalimu jambo moja. Siku ya kliniki, akina mama wanapoleta watoto kupimwa uzito, darasa la sita lije liigize shairi lile. Wakaja. Wasichana wawili wakalala mkekani, Domo akasimama mlangoni, naye Kasuku akasoma akipumua kila mstari. Domo akabisha hodi, akabisha tena, na ukumbi mzima ukawa kimya, hata watoto wachanga.

Hakuna aliyepiga makofi. Kasuku akadhani wameharibu.

Ndipo mama mmoja wa nyuma kabisa akainuka, uso umembadilika, akamfunga mwanawe mgongoni kwa haraka. "Nipisheni jamani," alisema. "Nipisheni, nimewaacha wawili nyumbani na jiko." Muuguzi akatoka naye mbio.

Walingoja. Mwalimu akamwekea Kasuku mkono begani mpaka muuguzi aliporudi, amelowa chapachapa, akapunga mkono tangu getini kuonyesha kwamba watoto ni wazima.

"Umeona, mwanangu?" mwalimu alisema. "Ukilisoma shairi kwa mdomo tu, watu wanakupigia makofi. Ukilielewa kwanza, ndipo ukalisoma, mtu anainuka kwenda kufungua dirisha. Na usipolielewa, sema sijui. Hilo nalo ni jibu, na ndilo linaloanza kumfundisha mtu."