Nilimpiga Muuguzi wa Mume Wangu Nikidhani Ni Hawara

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa, ni mama wa watoto wanne, naishi Kabondo hapa Kisangani. Mimi ni mjane. Nawaandikia kwa sababu ujane huu niliutafuta mwenyewe... ndiyo, kwa mikono yangu!

Mume wangu Ramazani alikuwa karani kwenye ghala la mbao. Mtu mpole, asiye na maneno mengi. Tulitoka wote Maniema tukiwa vijana, na sikuwahi kumshuku kwa lolote.

Kisha akaanza kubadilika. Kitandani ananigeuzia mgongo. Nikimgusa anasema amechoka. Wiki zikawa miezi! Tena maji ya mtungi hayamtoshi, chooni haishi kwenda, na mwili ukapungua mpaka suti yake ya kazini, ile abakosti, ikaanza kumpwaya. Mimi bado nilikuwa na damu yangu mwilini, na ndoa ina haki zake... Ningefikiria nini?

Mdogo wangu Asha, aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, soko la Tshopo, ndiye aliyeniletea jibu. Kila Alhamisi jioni aliiona baiskeli ya shemeji yake imeegemezwa kwenye nyumba ya mama mmoja anayeishi peke yake.

"Yaya, bwana yako iko na deuxième bureau," akaniambia mimi dada yake mkubwa. Ofisi ya pili... hivyo ndivyo sisi tunavyomwita mwanamke wa pembeni.

Je, nilimuuliza mume wangu? Hata! Kwetu mwanamke akipata habari kama hiyo hakai kuulizana. Anakusanya ndugu zake, wanakwenda kumtia adabu mwizi. Basi Alhamisi ile tukajifunga vitenge viunoni, mimi, Asha na binamu zetu wawili, tukashika njia ya Tshopo. Njiani tulikuwa tunacheka, wasomaji. Tunacheka!

Tulimkuta yule mama, Bolumbu, anafagia uwanja wake. Hatukumsalimia. Tulimvuta nywele, tukamchania blauzi, majirani wakajaa. Naye analia:

"Mama, mi haiko bibi yake! Niko infirmière, namuuguza tu! Papa iko na tension. Ile dawa inamulegeza, na sasa sukari imeanza kupanda mu damu. Nilitaka leo nimupeleke kwa docteur, abadilishe dawa!"

Nilisikia. Nilisikia kila neno! Nikamwambia uongo wake awapelekee wajinga, nikamzaba kofi. Asha akaingia ndani, akatoka na mashine ya kupimia presha, akaibamiza chini. Kioo kikapasuka vipande vipande.

Hapo ndipo Ramazani alipofika na baiskeli yake. Hakunipiga, hakunitukana. Alimwomba yule mama radhi mbele ya watu wote, akageuza baiskeli. Nyumbani aliniambia neno moja tu.

"Mama Zaina, umenivula nguo mbele ya batu."

Hakueleza zaidi. Nami sikuuliza, kwa sababu nilijiona nimeshinda.

Hakurudi tena Tshopo. Na baada ya muda mfupi, akanigeukia kitandani. Mume wangu amerudi! Nilimsimulia Asha, tukagongana viganja. Kumbe alikuwa ameviacha vidonge, ili tu mke wake asimwone si mwanaume. Nami kwa furaha nikawa namrudishia mwili wake: chai ya sukari tele, maandazi kila asubuhi, ndizi zilizoiva mpaka ngozi nyeusi. Mtu mwenye sukari! Na alikula vyote, asiniudhi.

Ikafika Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Alikuwa anazibua mfereji pamoja na wanaume wenzake. Jembe likamponyoka. Mdomo ukaenda upande, akaanguka palepale.

Hospitalini daktari akaniuliza alikuwa akitumia dawa gani. Mke gani asiyejua dawa ya mumewe? Ikabidi nikimbie kutafuta msaada kwa nani? Kwa Bolumbu!

Alikuja. Aliingia bila kunitazama, akamweleza daktari kila kitu. Daktari akasema presha imepasua mshipa wa kichwa, na sukari nayo imepanda mno. Dawa ile ilikuwa na madhara yake, kweli. Inaweza kumwondolea mwanaume nguvu, tena inaweza kupandisha sukari. Lakini dawa ikikusumbua unabadilishiwa, alisema. Huiachi mwenyewe tu.

Nilimuuguza miezi kadhaa. Upande mmoja umekufa, ulimi hausemi. Kila siku nilimwomba msamaha, naye ananitazama tu... Alinisamehe? Sijui, na sitajua kamwe.

Kwenye matanga yake, baada ya maziko, Bolumbu alikuja akakaa nyuma kabisa. Wanawake wakaanza kunong'ona: si ndiye yule? Ana uso gani wa kuja kumlilia bwana wa watu? Asha akanibana mkono ninyamaze. Nikasimama.

"Huyu haiko bibi ya bwana yangu," nilisema. "Huyu njo alikuwa anamuponyesha. Miye njo nilimuua."

Mama mkwe wangu alijifunika uso kwa kitenge. Bolumbu alilia kwa sauti. Nami nilikuwa nimemvunjia mume wangu heshima angali hai, nikaja kumrudishia akiwa udongoni. Ilimfaa nini?

Dada zangu, nawasihi! Mume akigeukia ukuta, muulize anaumwa nini kabla hujamuuliza anatoka wapi. Nanyi akina papa, dawa ikiwaharibia mwili, rudini kwa daktari mkaseme, na nyumbani mkaseme pia. Msiiache kimyakimya kwa ajili ya aibu.

Ramazani aliona heri afe kuliko kuniambia mimi kwamba ni mgonjwa. Mimi, mke wake!