Feni ya Kutolea Joto

Kona ya kasha la kompyuta ilimpata fundi kwenye kiwiko, na chai yake yote ikahamia kwenye suruali.

"Pole, kaka! Jamani, pole!"

"Pole ya kiwiko au pole ya suruali?"

"Igawe mwenyewe."

Fundi alitaka kukasirika, akashindwa. Katika ujia ule wa ghorofa ya pili, ambako maduka ya vifaa vya kompyuta yamebanana kama meno na watu wanapitana kwa mabega, alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka. Alikuwa ameikumbatia kompyuta yake ya mezani kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Inaumwa nini?"

"Homa kweli. Nikianza mchoro mkubwa, dakika ishirini tu inazimika yenyewe."

"Mchoro wa nini?"

"Wa majengo. Mimi ni mchora ramani."

"Basi ingia, Msanifu. Umeshaniogesha, angalau nikutibie mgonjwa."

Duka lake lilikuwa na upana wa kaunta moja. Alifungua kasha kwa bisibisi aliyoichomoa sikioni, akapuliza, na vumbi likawarukia wote wawili. Ndani mlikuwa na feni moja tu, tena inajikokota.

"Dada, humu hampumui mtu. Unataka feni zipi? Hizi zina taa. Nyekundu, buluu, zambarau..."

"Nipe zenye upepo, siyo zenye sherehe."

Fundi akacheka. Akapanga nyingine juu ya kaunta. "Ndogo hukimbia mbio, kelele nyingi, kazi hakuna. Kubwa huzunguka taratibu, ikasukuma hewa nyingi bila kujitangaza."

"Kama watu."

"Kama watu."

"Na wewe ni ipi?"

"Mimi? Hunisikii ninavyopiga kelele?"

Simu ya msichana ikalia. Kicheko kikamtoka usoni kama nguo iliyonyakuliwa kwenye kamba.

"Ndiyo, mjomba. Bado natengenezewa, mjomba. Nusu saa. Ndiyo."

Fundi aliona. Akachagua feni tatu kubwa, akamwonyesha mshale mdogo ubavuni mwa kila moja. "Huu unakuonyesha hewa inakoelekea. Mbili naziweka mbele, ziingize hewa baridi. Moja nyuma, itoe joto. Ukiingiza bila kutoa, umefunika chungu motoni."

Alipomaliza, alimwandikia namba yake kwenye boksi la feni. Ikizima, apige. Isipozima, apige vilevile.

Haikuzima. Akapiga.

Alipiga saa nane mchana, mjomba akiwa amelala kitini kwake upande wa pili wa ukuta wa mbao. Chumba cha msichana kilikuwa nyuma ya ofisi ya mjomba na hakikuwa na mlango, ila uwazi tu wa kupitia ofisini. Kutoka kwenda popote, hata msalani, lazima apite mbele ya meza ile na aseme anakwenda wapi. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, karibu mno hata angeweza kuupaka rangi bila kuinuka kitini. Mjomba, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa mkandarasi. Alimlea vizuri, alimsomesha, na kwa miaka minne kila ramani iliyochorwa chumbani mle ilitoka na jina la kampuni ya mjomba.

"Mbona unanong'ona, Msanifu?"

"Nina jirani."

"Jirani gani?"

"Anayekoroma. Akinyamaza nitakata, usishangae."

Wiki tatu wakaishi hivyo, mapenzi yao yakipimwa kwa mkoromo. Siku moja fundi akamtumia ujumbe:

*Moto wako nimeota, sasa mimi naungua,*
*feni zangu zimegota, dawa yake waijua.*

"Siijui," akajibu msichana.

"Kutoka. Utoke tukae mahali, nikuone bila kaunta katikati."

Hapo ndipo alipomwambia siri ambayo hata ukuta haukuijua. Ofisi kubwa ya wasanifu ilikuwa inatafuta mchoraji. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka mchoro wa zahanati, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa akiuchora dakika kumi kumi, mjomba akienda kukagua kazi. Akipata nafasi ile, atapanga chumba chake. Akiikosa, atazeekea mbele ya ule ukuta.

Jumatano, kompyuta ikazima. Akaiwasha, ikazima. Mara ya tatu, alipogusa kasha, akaondoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria.

Alisahau hata kunong'ona.

"Umeniuzia nini wewe? Feni feki!"

"Mimi siuzi feki."

"Basi maneno yako ndiyo feki! Kelele nyingi, kazi hakuna!"

Fundi akasema polepole, "Nitukane mimi, mpenzi. Kazi yangu usiitukane." Akakata.

Msichana aliketi katika joto lile mpaka jioni, simu mkononi, kiburi kikimzuia. Hakupiga. Fundi naye hakupiga.

Alhamisi saa nne asubuhi fundi alikuwa mlangoni pa ofisi ya mjomba, alikokuwa ameelekezwa zamani kwa minong'ono, amevaa shati jeupe la kwenda kuposa watu, bisibisi sikioni.

"Wewe nani?" mjomba aliuliza bila kuinuka.

"Fundi, mzee. Nimekuja kuziangalia feni zangu."

"Zako? Mbona zinazunguka kwangu?"

Lakini alimruhusu, kwa kuwa mjomba alipenda kumtazama mtu akikosea. Fundi akafungua kasha bila kumtazama msichana. Akaweka kiganja nyuma. Akaona skrubu nne zilizokazwa mpaka vichwa vimeliwa, na mshale umegeuka.

"Nani kaigeuza hii?"

"Mimi," mjomba akasema, amejaa fahari. "Uliiweka kinyume. Jumanne huyu akiwa sokoni nimeweka mkono hapo nyuma, upepo unatoka nje! Tununue upepo kisha tuutupe ukutani? Sasa zote tatu zinaingiza."

"Mzee, ile ndiyo ilikuwa inatoa joto."

"Nyumba yangu naijua. Vitu vinaingia, havitoki ovyo."

Msichana alimtazama fundi, na macho yake yakaomba radhi yote ambayo mdomo haukuthubutu. Fundi akageuza feni, akafunga, akawasha. Kompyuta ikavuma taratibu, ikapona, na kupona kwake ndiko kulikomponza msichana: mchoro wa zahanati ulijifungua wenyewe kwenye skrini, na pembeni, mahali pa jina la kampuni, palikuwa na jina lake.

Mjomba alisoma mara mbili.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu, mjomba."

"Nani kakwambia una kazi yako?" Hakupaza sauti. Alikwenda akasimama kwenye uwazi wa chumba, akauziba wote. "Mwanangu, nimekukosesha nini humu? Keti. Mgeni ataondoka, sisi tutazungumza."

Miguu ya msichana ilikuwa tayari inapinda kuketi. Miaka minne iliizoesha. Akashika meza.

"Kompyuta aliniachia mama. Naomba nipishe, mjomba. Nitarudi kukusalimu. Kuketi, sirudi."

Akachomoa nyaya moja moja, akaikumbatia, akaenda moja kwa moja mpaka kona ya kasha ikamgusa mjomba tumboni. Wakatazamana. Fundi alikuwa amekwisha kunja ngumi, lakini msichana akatikisa kichwa: hii si yako. Mjomba akasogea nusu hatua. Ikatosha.

Njiani fundi hakuweza kujizuia. "Nikuoe. Leo leo. Kwangu mna nafasi, hutaomba ruhusa kwa mtu."

"Mpenzi wangu, nisamehe ya jana. Nilikutukana bure."

"Nimesamehe. Nijibu."

"Siwezi kukujibu nikiwa sina pa kulala. Nikisema ndiyo leo, utajuaje kama nimekupenda au nimekimbia?" Akahamishia kompyuta kwenye bega lingine. "Nipe kaunta na umeme mpaka kesho. Usiku nitalala kwa dada niliyesoma naye. Uniulize siku nikiwa na mlango wa kukufungia."

Ilimuuma. Lakini alimpa kaunta, na wateja wakahudumiwa kwa kusimama ujiani.

Mchoro ulifika Ijumaa saa tano na nusu. Jibu la kukubaliwa lilichukua siku kumi na moja, chumba cha kupanga kikachukua mwezi mzima. Jumapili moja asubuhi mlango wa chumba hicho ukagongwa.

"Nani?"

"Fundi."

"Sijaita fundi. Hapa hapajaharibika kitu."

"Nimekuja na lile swali."

Fundi alisikia kiti kikivutwa, hatua zikija, kisha kitasa kikishikwa na mtu asiye na haraka. Jasho likamtiririka.

"Uliza hapo hapo nje," sauti ikasema.

Akauliza, majirani wakisikia. Ndani, msichana alihesabu mpaka kumi, kwa sababu hakuna aliyemharakisha, halafu akazungusha ufunguo.