Bakuli Lisilooshwa

Kila asubuhi, kabla baba hajaanza kuwalaumu wakubwa wa nchi, binti yake alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Alikuwa darasa la sita, na tangu mama yao afariki, kupika kulikuwa juu yake. Alizoea kuponda ndizi mbivu kwa uma, akazichanganya na unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, akakoroga kwa mwiko mpaka mabonge yaishe, kisha akatia vipande vya nanasi. Hizo ndizo zilikuwa chapati za maji za mdogo wake. Maganda ya nanasi hakuyatupa. Aliyachemsha pamoja na sukari na ndimu, akayachuja, akapata shira nzito inayovutika kama uzi kati ya vidole viwili.

Mdogo wake alikuwa darasa la kwanza. Mtaa mzima ulimwita Kobe kwa sababu alikula taratibu, kana kwamba chakula kina miba. Kobe hakuweza kula maziwa. Yakimwingia mdomoni hata kidogo, midomo ilimvimba, ngozi ikajaa mabaka na pumzi zikamkwama. Shuleni uji ulipikwa kwa maziwa, kwa hiyo yeye alibeba chapati zake na kichupa cha shira.

"Chakula chake kipite mikononi mwako," mama alikuwa amemwambia dada mtu kabla hajafariki. "Usimwachie mtu mwingine."

Baba alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, na humo alipiga misumari kama anayepiga vichwa vya watu. "Mama yenu hakuuawa na ugonjwa," alikuwa akisema. "Aliuawa na dawa ambayo haikufika. Na yule aliyepaswa kuileta yuko ofisini, anapepewa na feni." Wateja waliitikia tu, wakachukua viatu vyao, wakaenda zao.

Wiki moja wanafunzi wa darasa la sita walikubaliana kwamba Ijumaa kila mmoja alete chakula, wamuage mwalimu wao aliyehamishwa.

"Wewe usituletee zile chapati za Kobe," alisema jirani yake wa dawati, msichana mwenye mdomo mwepesi. "Jamani, baba anashona soli, binti anazikaanga!"

Darasa zima lilicheka. Hata yeye alijilazimisha kucheka, lakini macho yalimwasha, na jioni mzaha huo ulimfikia baba kibandani.

"Nakutania tu, shoga yangu," jirani akamnong'oneza baadaye. "Tia maziwa. Zitakuwa laini mpaka ujishangae. Kwetu yapo, nitakuletea kikombe."

Ijumaa ilipofika, bomba la mtaa lilikuwa kavu. Wakubwa wa maji walikuwa wameahidi kulitengeneza, na ahadi yao ilikuwa imekauka kabla ya bomba. Ndani ya ndoo yalibaki maji kidogo sana. Kwa kikombe cha maziwa alicholetewa na jirani wa dawati, binti alipika kwanza chapati za kupeleka darasani. Zilitoka nene, laini, zenye rangi nzuri ya kahawia, naye akazitazama kwa fahari.

Kisha akaligeukia bakuli. Lilikuwa hilo hilo moja. Chini yake ulikuwa umebaki mchanganyiko wenye maziwa, umeshika pembeni. Maji yaliyobaki yalitosha ama kuosha bakuli, ama kukorogea unga wa Kobe. Hayakutosha kwa yote mawili, na nje baba alikuwa ameshaanza kuita, "Mtachelewa huko!"

Angeweza kugonga mlango wa nyumba ya pili akaomba maji. Alifikiria hivyo. Lakini alichukua kitambaa, akalifuta bakuli haraka haraka, akamimina unga na ndizi ndani yake. "Yamebaki kidogo tu," alijiambia. "Hayawezi kumdhuru."

Shuleni chapati zake ziligombaniwa. "Leo si soli, leo ni mito ya kulalia!" alisema jirani yake huku akilamba shira vidoleni. Mwalimu aliyekuwa akiagwa aliomba ya pili. Binti alikuwa bado anatabasamu aliposikia kelele kutoka upande wa jikoni.

Alikimbia. Kobe alikuwa ameketi chini, midomo imefura, anavuta pumzi kwa sauti kama mlango mbovu. Bibi Jikoni, mpishi wa shule, hakungoja mtu. Alimbeba Kobe mgongoni, akatoka mbio pekupeku mpaka zahanati, iliyokuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Bahati ilikuwa upande wao, kwa maana siku hiyo dawa ilikuwepo. Muuguzi alimdunga sindano, akamlaza, akakaa naye akimsikiliza kifua.

Baba alifika na aproni yake ya ngozi kiunoni, nyundo bado mkononi. Mwalimu mkuu naye alifika, tai imepinda.

"Nilijua!" baba alifoka. "Uji wa maziwa! Nimewaambia tangu siku ya kwanza kwamba mtoto huyu hawezi maziwa! Mmemchukua mama yake, sasa mnataka na huyu?"

"Tulia, mzee," mwalimu mkuu alisema haraka. "Mpishi atawajibika. Mama, utanirudishia funguo za jiko leo hii."

Bibi Jikoni alikuwa bado anahema. "Mwalimu, mimi mtoto huyu sijampa uji hata kijiko. Kikombe chake kipo peke yake juu ya rafu, ninakiosha mwenyewe kwa mkono wangu."

"Maelezo utayatoa ofisini."

Binti alisimama mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vinanata shira. Alitaka kusema, lakini baba alikuwa na nyundo. Darasa zima lingejua. Na labda Kobe angepona tu, mambo yaishe.

Bibi Jikoni alifungua fundo la kanga yake, akatoa funguo, akamkabidhi mwalimu mkuu. Alipopita mlangoni alimwona binti analia, akamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Mdogo wako atapona. Nenda ukae na baba yako, ameumia sana."

Hapo ndipo binti aliposhindwa kabisa kuvumilia.

"Si yeye!" alisema kwa nguvu. "Ni mimi. Nilipika chapati za maziwa za darasani, halafu sikuosha bakuli. Nikapikia za Kobe humo humo. Bibi hakumpa kitu. Ni mimi, baba."

Baba aliinua mkono wenye nyundo, akautazama kana kwamba si wake, akaushusha. Akaketi kwenye benchi.

"Uliona yamebaki maziwa?" aliuliza.

"Niliona."

"Na ukampa."

"Nikampa."

Muuguzi alisema bila kuinua kichwa, "Afadhali umesema. Sasa najua kilichomdhuru. Safari nyingine, kiasi kidogo kama hicho kinaweza kuziba koo kabisa, tusimwahi."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Basi, jambo limekwisha."

"Halijaisha, mwalimu," baba alisema. "Hukuuliza hata swali moja. Ulikuwa unatafuta mtu wa kumtupia mzigo, na mimi nikakusaidia kumtwisha. Mrudishie huyu mama funguo zake." Akageuka. "Dada yangu, nimekukosea. Umembeba mwanangu mgongoni, nami nimekusingizia."

"Umenikosea kweli," Bibi Jikoni alijibu huku akipokea funguo. "Nitakusamehe, lakini si kwa maneno matupu. Ndala zangu zimekatika, na wewe ni fundi."

Baba hakucheka, ila uso wake ulilegea kidogo.

Jumatatu asubuhi binti alikuta bakuli dogo jipya karibu na jiko. Baba alikuwa amelishonea ukanda wa ngozi nyekundu kuzunguka ukingo wake, lijulikane kuwa ni la Kobe peke yake. Ndoo zilijaa maji aliyoyafuata mtaa wa pili. Binti alipika kama zamani, akamwekea mdogo wake chapati, akamiminia shira juu yake.

Kobe hakuigusa. Aliinama, akainusa, kisha akamtazama dada yake. "Umetia nini?"

Hakuwa amewahi kuuliza swali hilo maishani mwake.

"Unga," dada alisema. "Maji, ndizi, chumvi, nanasi."

"Na nini tena?"

"Basi. Bakuli ni lile jipya."

Kobe alifikiri, akakata kipande kidogo sana, akaanza kutafuna taratibu. Dada alikimbilia nje kujificha, akamkuta baba kibandani na ndala za mpishi mapajani.

"Ameniuliza, baba."

"Nimesikia. Na kesho atakuuliza tena." Baba alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Wakubwa nitawalaumu mpaka nife, maana wanastahili. Bomba lile ni lao. Lakini bakuli lilikuwa mikononi mwako, na mtu anayeshika chakula cha mwenzake ameshika uhai wake. Kama hujaosha, sema hujaosha. Kila atakapouliza, mjibu kweli, wala usichoke. Siku akiacha kuuliza, utajua amekusamehe."

Akampa ndala. "Haya, mpelekee Bibi. Mwambie soli hizi hazikukaangwa."