Maji ya Ilinca

Kila asubuhi Agafia alichota maji kwenye kisima cha marehemu mumewe. Hapa kijijini mtu akifa, jamaa zake humchimbia kisima na kuandika jina lake, ili kila anywaye amkumbuke. Kisima hicho kilikuwa hatua chache kutoka zizi la ng'ombe, lakini maji yake yalikuwa maangavu na matamu. Agafia aliyachemsha vizuri, kisha akakorogea maziwa ya unga ya mjukuu wake Ilinca, wa miezi mitatu. Viorica, binti yake na mama wa mtoto, alikuwa amerudi Italia kwenye kazi ya kutunza wazee wa watu.

Bomba lilikuwepo uani, kavu. Wafadhili wa nje walilaza mabomba, wakafunga pampu kilimani, wakaenda zao. Pampu ilipoharibika, kijiji kizima kikakaa kuwasubiri.

Siku moja midomo ya Ilinca iligeuka buluu. Walipofika hospitali ya mjini, alikuwa ameshakata roho.

"Nilichemsha, Lidia," Agafia alimwambia nesi wa kijiji. "Naapa nilichemsha."

"Najua, mama. Moto unaua vijidudu tu. Samadi ikizama ardhini inaacha sumu kwenye visima hivi vifupi, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mtoto mchanga inamkosesha hewa kwenye damu." Lidia aliinamisha uso. "Ilinipasa nikwambie mapema. Nisamehe."

Viorica alituma pesa. "Mchimbie mwanangu kisima, mama," alisema kwenye simu, akilia.

Kisima kingine tena, chenye sumu ileile. Moyo ulimchoma Agafia. Alizichukua pesa hizo, akaongozana na Lidia hadi kwa meya, Nichifor.

"Wafadhili watarudi," Nichifor alisema.

"Mwaka wa tatu huu unatuimbia wimbo huohuo," alisema Agafia.

"Wageni wamemaliza lao," Lidia alisema. "Kodi zetu unazo wewe, na pampu ni kazi ya halmashauri. Umeme wa kuiendesha tutalipa sisi, kila nyumba. Hatuwezi kujiita mafukara huku visima vya marehemu tunachimba kila mwaka."

Nichifor alikuna kichwa. "Fungu lililobaki ni la sikukuu ya kijiji. Wanamuziki nimeshawaita."

"Basi mwaka huu hatuchezi," alisema Agafia, akaweka mezani bahasha ya pesa za Viorica. "Hii ni ya Ilinca."

Sikukuu ilipita kimya, na wengine walinuna. Halmashauri ikanunua pampu, kila nyumba ikaanza kuchangia umeme. Kufikia vuli maji yalitoka. Lidia aliyapeleka kupimwa, yakaonekana salama. Tangu hapo hakuna mtoto aliyegeuka buluu.

Agafia alifunika kisima cha mumewe kwa mbao, akazipigilia misumari.

Viorica alikuja likizo wakati wa baridi. Aliuliza jina la mwanawe limeandikwa wapi.

"Halikuandikwa popote, mwanangu," alisema Agafia, akafungua bomba.

Viorica alikinga mikono, akanawa uso, akanawa tena. Kunywa hakuweza.